Vigae vya Nyumba ya Mugiriki

Bwana asifiwe, wapenzi. Mi leo sikuleta wimbo, nimeleta aibu yangu mwenyewe. Muko na ruhusa ya kucheka.

Wengi munanijua: nilikuwa nanunua viwanja, najenga, nauzisha. Mi na bibi yangu na watoto tulikaa kwenye jumba la zamani, kule juu, linaangalia ziwa Tanganyika. Lilijengwa na Mugiriki muuza kahawa wakati wa Wabeleji: baraza pana, milango mirefu, vigae vyekundu. Mi nikasema apana, hili limezeeka, nabomoa, naweka etaji, gorofa juu ya gorofa.

Fundi wangu mukubwa, mutu wa kartie ya Mutakura, akakataa. Alisema nyumba iko nzima, na mwaka ule, vita inanukia, haukuwa wa kubomoa. Ndugu zangu, nawaambia, niliwaka! Nikamutukana mbele ya wafanyakazi, nikamufukuza, nikaamuru wengine watoe vigae. Wamefika nusu ya paa, vita ikaingia muji, kila mutu akakimbilia kwao. Mipaka ikafungwa, simenti ikakosekana. Mvua haikufungwa.

Saluni, pale tunapokaribisha wageni, ikajaa maji, vyura wanaimba kuliko kwaya yetu. Munisamehe, wamama wa kwaya. Mafundi wawili walijaribu kurudisha vigae, vikateleza vyote. Kazi ile ya zamani aliijua yule mumoja tu. Na ukuta wa chumba cha watoto ukaanza kupasuka. Msimu mumoja tena, nyumba ingelala chini.

Nikasikia kwa yule fundi wamechoma nyumba, yuko na familia uwanjani pa kanisa, chini ya plastiki. Nikaenda, nikaona haya, nikajifanya napita tu. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu bibi yangu akaniuliza kama ulimi nao umeloa. Basi nikaenda, nikasimama mbele ya fundi, watu wanaangalia.

"Ulisema kweli," nikamwambia. "Nilikutukana bure. Nisamehe."

Kisha akauliza, "Patron, vyumba vikavu viko ngapi?"

"Vinne."

Akageukia watu wake: "Mufunge mizigo."

Tukatoa makochi yangu yaliyokuwa yanakaa humo kama wageni wa heshima, zikaingia familia tatu, ya kwake na mbili za majirani zake wa uwanjani. Msaidizi wa fundi hakuna, basi mi mwenyewe nikabeba vigae. Niko juu ya ngazi, yeye ananipigia kelele: we, haraka! Paa likafungika, ukuta ukapona. Tulikaa pamoja mpaka amani ikarudi. Ugomvi wa jikoni ulikuwepo, lakini kicheko kilizidi. Leo tunatengeneza nyumba za zamani, na mukubwa wa kazi ni yeye.

Namushukuru Mungu, namushukuru bibi yangu na mudomo wake. Namushukuru fundi, yuko humu ndani, anakataa kusimama.

Iko kitu kinaniuma bado. Zile siku mbili nilizojifanya napita, watoto wake walinyeshewa bure, sababu ya haya yangu. Kama iko mutu unapaswa kumuomba musamaha, ukitoka hapa pita kwake kwanza. Chakula cha nyumbani utakikuta tu.