Bwana Sekunde na Barua Iliyobaki Kwenye Faili Lake

Ijumaa, tarehe thelathini mwezi huu, fundi wetu wa mitandao ya majumbani, Bwana Sekunde, anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi. Nimeombwa niandike kwa furaha. Furaha ninayo kwa ajili yake. Kwa sisi wengine nina hasira.

Jina hilo tulimpa kwa utani. Sisi tulikuwa tukifika kwa mteja tunasimama kando ya kifaa cha mtandao sebuleni, tunatazama kasi kwenye simu, tunaandika "sawa" na kuwahi chakula. Yeye alibeba kompyuta ndogo mbili. Moja aliiacha sebuleni, nyingine akaipeleka pale mteja anapofanyia kazi, kisha akahamisha faili kubwa kutoka hii kwenda ile huku akihesabu sekunde kwa saa yake ya mkono. Namba ya kasi iliyochapwa kwenye boksi la kifaa hakuijali hata kidogo. Bibi mmoja alimkuta amechuchumaa chini ya ngazi akipima, akamuuliza kama panya nao wameomba mtandao.

Miaka sita iliyopita mshonaji mmoja alilalamika mara tatu. Binti yake alifanyia mtihani wa chuo chumba cha nyuma, mtandao ukamkatikia katikati, akafeli. Fomu zetu zote zilisema sawa. Bwana Sekunde akaenda, akaketi kwenye meza ya yule binti, akapima mara tano. Boksi lilisema megabiti mia tatu kwa sekunde. Zilizofika ni kumi na mbili. Akaandika kumi na mbili. Meneja akamtaka aandike upya, akakataa katakata. Akapewa barua ya onyo kwa "kutoa vipimo vya uongo", akapelekwa stoo kupanga nyaya. Fundi anayetushinda sote, miaka sita anapanga nyaya! Inaudhi, tena inatia aibu. Mafundi wapya walimfuata hukohuko kujifunza, naye hakuwanyima.

Barua hiyo bado imo kwenye faili lake, na Ijumaa ataondoka akiitwa mwongo kwa maandishi. Uongozi uiondoe kabla ya hapo. Ushahidi upo: zile fomu tatu za "sawa" zina saini yangu, na chumba cha nyuma sikuwahi kukiingia. Maelezo yangu nimeyapeleka kwa meneja leo asubuhi.

Bwana Sekunde, ahsante kwa kazi yako, na unisamehe kwa kunyamaza. Tunakuombea afya na mapumziko mema, wewe, mama na wajukuu. Ijumaa nitakuja kukuaga na barua yako mkononi, au na yangu ya onyo.