Mama Mwelwa, Aliyeonja wa Kwanza

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupika pombe, Mama Mwelwa anastaafu leo, tarehe 31 Mei 2025. Bwana Rigobert, mwenye kiwanda hiki kidogo cha barabara ya Kasomeno, ametuomba sisi wanafunzi wa Lubumbashi tuandike wasifu wake, kwa sababu darasa letu ndilo lililokuwa wageni wake wa mwisho.

Alianza mwaka 1994 kwa kuosha mapipa. Baadaye alibuni pombe tatu zinazojulikana hapa: ya mtama, ya mahindi na ya asali. Hakutumia kipimo chochote. Aliweka sikio kwenye pipa, akasikiliza povu. Wenzake walimtania kwamba mapipa yanaungama kwake kuliko waumini kwa padri.

Kwa desturi, mpikaji hunywa kwanza mbele ya mgeni, na mgeni hakatai kikombe hicho. Desturi hiyo ilimwumiza. Mwaka jana homa ndefu ilimwondolea ladha mdomoni, naye hakumwambia mtu. Sikio lilimwambia kwamba pombe imeiva, lakini uchachu hausikiki. Wateja walikunywa wakanyamaza, kisha hawakurudi. Bwana Rigobert alijua, naye akanyamaza kwa heshima.

Mwezi Machi tulikuja na mwalimu wetu, Madame Julienne. Yeye alionja pombe zote tatu. Sisi tulipewa munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi, ambacho kikiwa kipya hakileweshi. Mama Mwelwa alikunywa, akasema: « Mukunywe, batoto, iko muzuri. » Kilikuwa kichachu kama ndimu. Tulimeza. Mwenzetu Précieuse peke yake, ambaye wazazi wake walitoka Kivu na hakuijua desturi, alisema: « Mama, hii ilisha kuharibika. »

Hakuna aliyecheka. Mama alimtazama Madame, akamtazama Bwana Rigobert, akaelewa. « Asante, mutoto. Bakubwa bote balinificha. » Alimwaga mapipa manne kwa mikono yake mwenyewe, na jioni hiyo akaomba kustaafu.

Tangu hapo anamfundisha Chola, atakayeshika kazi yake. Mama anasikiliza, Chola anaonja. Pombe ya asali bado haijafanana na ile ya zamani, na wateja wengi hawajarudi. Leo Chola ndiye atakayekunywa kwanza. Tunawaomba wageni wamwambie ukweli.

Mama Mwelwa, asante kwa kazi yako yote. Daktari hakuahidi kwamba ladha itarudi, lakini tunajua kwamba kila asubuhi unajaribu. Tunakuombea mapumziko ya amani, na siku moja chai yako iwe tamu tena.