Jaji Eulalia Barrientos Avua Joho

Baada ya miaka arobaini ya sheria, ishirini na minane akiwa jaji, Mheshimiwa Eulalia Barrientos anastaafu tarehe 30 Juni 2023. Sisi wa masjala ya Mahakama ya Kaunti ya Palo Seco, kusini mwa Texas, bado tunaliandika jina lake kwenye ratiba ya Julai kwa mazoea, kisha tunalifuta.

Ni binti wa tano wa wavuna vitunguu. Alirudi kutoka chuo cha sheria mwaka 1983 na suti moja ya kijivu, wakati mahakama hii haikuwa na wakili hata mmoja mwenye jina la Kihispania kama majina yetu. Mara mbili mlinzi alimzuia mlangoni, akidhani ni shahidi aliyepotea njia.

Kesi iliyomtambulisha ilikuwa ya Hilario Baeza, kibarua aliyeshtakiwa kuchoma banda la vitunguu. Jioni ya moto, Hilario alimwambia nyapara wake kwa Kihispania, "Ahorita me voy." Mahakamani, mkalimani aliyeletwa kutoka mjini akatafsiri: "Naondoka dakika hii hii." Kwa kuwa alionekana pale saa nzima baadaye, upande wa mashtaka ulidai aliaga kwa hila, akajificha. Kifungo kilichomkabili kilikuwa miaka ishirini.

Eulalia, wakili wake wa utetezi, akasimama kuipinga tafsiri.

"Binti, mkalimani ana cheti," jaji wa wakati huo akamkatiza. "Wewe una nini?"

"Nina mama, Mheshimiwa. Akisema ahorita, kwanza anamaliza kahawa yake."

Jaji hakucheka, lakini alimruhusu amhoji nyapara.

"Mkeo akikuita mezani ukamjibu ahorita, chakula unakikuta vipi?"

"Kimepoa, mama. Na mwenyewe kanuna."

Ukumbi uliangua kicheko. Jopo la wananchi kumi na wawili waamuzi wa kesi halikukaa hata saa moja, likamwona hana hatia. Hilario alilala kwake siku hiyo.

Mwaka 1990 Eulalia aligombea ujaji akashindwa kwa kura arobaini na moja. Kesho yake alimpelekea mshindi sinia la mikate mitamu, akarudi ofisini kulia. Mwaka 1994 alishinda, akaapishwa Januari iliyofuata, na tangu hapo hakuna mtu aliyesomewa mashtaka ukumbini mwake kwa lugha asiyoielewa.

Kiti hicho hakikumpa raha tu. Mume wa Ofelia Urrutia, comadre wake, yaani mama wa ubatizo wa mwanawe, alikamatwa akiendesha gari amelewa baada ya kumvunja mtu mguu. Ofelia alimfuata Jaji hapa masjala, sote tukisikia.

"Simu moja tu, comadre. Wewe ni jaji bwana!"

"Hata nusu ya simu sipigi, comadre."

Faili likapelekwa kwa jaji mwingine, na mume akafungwa. Kwa miaka sita Ofelia alivuka barabara kila alipomwona. Kisha, Krismasi moja, aliweka juu ya meza yetu sufuria ya tamales, unga wa mahindi wenye nyama uliopikwa ndani ya maganda. "Mpeni huyo mkaidi," akasema, akageuka. Jaji alikimbia kumfuata hadi ngazini, joho likipepea. Hatukusikia walichoambiana. Tuliona tu kwamba walichelewa kurudi, na kwamba katika kuwangoja tulikula tamales zikabaki sita.

Ijumaa iliyopita alimaliza kesi yake ya mwisho. Alivua joho, akashuka, akaenda kukaa kwenye benchi la nyuma wanakosubiri wananchi. Alikaa muda mrefu. Sote tulidhani anaaga.

"Kumbe ni gumu hivi?" akauliza. "Miaka ishirini na minane nawakalisha watu hapa, na hakuna aliyeniambia!"

Akaomba kalamu, akaandika amri yake ya mwisho: mabenchi yote yawekewe mito na maegemeo. Mafundi wanakuja Jumatatu.

Asante, Mheshimiwa, kwa kutuhukumu kwa haki na kututania bila huruma. Nenda ukapumzike, upike, uamke utakapo. Ukitukumbuka, njoo. Mahali pa kukaa pazuri patakuwepo.