Jina Lililobaki Ndani ya Simu

Habari hii nilisimuliwa kwanza na Wambeti, mke wa mjomba wangu, Jumatatu ya Pasaka mwaka 2023, jikoni kwake Majimbo, akichambua njahi, yale maharagwe meusi. Yeye alisema mambo yalitokea Alhamisi. Nimeuliza wengine watatu, na ilikuwa Ijumaa, tarehe kumi Februari, kwa sababu wote wanakubaliana kwamba zilikuwa zimebaki siku mbili mtoto wa binamu yangu abatizwe. Mahali ni Manyatta, kwenye benchi lililo mbele ya kibanda cha Oscar, fundi wa simu. Wambeti huuza hapo kahawa ya tangawizi kutoka kwa thamosi mbili nyekundu, katika nchi ambayo watu wana kahawa shambani na chai kikombeni. Benchi lina miguu mitatu na jiwe. Anayekaa upande wa jiwe haruhusiwi kuinuka bila kutangaza.

Walikuwa watatu. Mbaka, karani mstaafu wa chama cha ushirika, huitwa Risiti kwa sababu hajawahi kutupa hata moja. Oscar huitwa Saketi. Wa tatu ni Nthiga, binamu yangu, mwendesha bodaboda, ambaye asubuhi hiyo alikuwa anakaa, anainuka, anatazama barabara ya Embu, kisha anarudi kukaa upande wa jiwe. Kila akiinuka bila kusema, kahawa ya Mbaka ilimwagika.

– Nthiga, ama ukae ama uende, Mbaka alisema. Benchi si pikipiki.

– Wanakuja saa sita, Risiti. Wametuma meseji.

Waliokuwa wanakuja ni watu wa simu. Nthiga alikuwa ameichukua Juni iliyotangulia kwa mpango ambao watu huuita mdogo mdogo: unaweka diposti, unapewa simu, halafu unalipa shilingi sabini na tano kila siku kwa mwaka mzima. Usipolipa, simu inajifunga. Kioo kinabaki na maandishi ya kampuni na namba ya kulipia, basi. Yake ilijifunga mwisho wa Novemba, wiki tuliyomzika babu yetu, Mzee Ngari, kule Siakago. Nthiga alikuwa akibeba waombolezaji bila nauli, na siku tisa zikapita bila malipo. Baadaye, zilipopita siku sitini, kampuni ilikataa kupokea kidogo kidogo. Ilitaka salio lote, au simu irudi. Na simu ikirudi, hufutwa kila kitu kabla ya kupewa mtu mwingine.

Risiti alikuwa tayari amepiga hesabu nyuma ya pakiti ya majani chai.

– Umelipa siku mia moja na sabini. Hiyo ni elfu kumi na mbili, mia saba hamsini. Ongeza diposti elfu mbili na mia tano. Umetoa elfu kumi na tano, mia mbili hamsini. Dukani Embu hiyo simu ni pesa ngapi, Saketi?

– Kumi na tano na mia tano, Oscar alisema.

– Kwa hivyo umebakisha mia mbili na hamsini za simu. Na wao wanataka elfu kumi na nne, mia sita ishirini na tano. Hizo zingine ni za nini?

– Ni za kungojewa, Oscar alisema. Mzee, wewe unaongea kama mtu ako na hati ya shamba. Nthiga angeenda benki akaulizwa hati, payslip, na jina la shemeji ako serikalini. Hawa waliuliza kitambulisho na picha moja. Bila hii kitu hangewahi kushika simu ya bei hiyo. Haba na haba hujaza kibaba.

– Kibaba ni chao. Yako ni haba.

– Yako ni gani? Hiyo ya tochi?

– Hii nilinunua 2011, elfu moja na mia nane, risiti iko nyumbani. Haijawahi kunifungia mlango.

– Haina mlango, Risiti. Hiyo ni tochi inayoongea.

Wambeti anasema hapo hata Nthiga alicheka, lakini mara moja tu, kisha akainuka tena.

Kilichokuwa kinamsumbua hakikuwa bei. Hapa lazima nieleze jambo la nyumbani. Kwetu mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la baba ya baba yake, wa pili jina la baba ya mama yake, na wanaofuata majina ya ndugu, ili asiwepo mtu aliyepita bila kurudishwa. Nthiga alikuwa na Njura na Nyaga. Mke wake, Njoki, alikuwa na mimba ya tatu wakati Mzee Ngari alipozidiwa. Mzee aliwaita akasema kwamba akizaliwa mvulana, ni wa ndugu yake. Ndugu huyo alikufa kijana, bila mke, kabla ya mwaka 1960, na jina lake halikutajwa tena nyumbani, kwa maana mama yao alikataza. Hakuna mtu aliye hai aliyelijua. Mzee alilitaja siku hiyo moja, kitandani, na Nthiga akamrekodi kwa simu hiyo. Hawakuisikiliza video baada ya hapo. Nani angetaka kusikia sauti ya mtu ambaye bado yuko mochari? Walisema watasikiliza baada ya mazishi. Baada ya mazishi simu ilikuwa imefungwa. Mtoto alizaliwa tarehe kumi na tatu Januari, na ni mvulana.

– Saketi, Nthiga alisema, kwani huwezi kufungua hata dakika tano tu? Video ni moja.

– Nimekuambia mara ngapi? Nikiigusa huko ndani inajifuta yenyewe. Wameweka kitu. Si programu tu, hiyo inasikiza. Saa hii tukiongea hapa, inajua tunaongea juu yake.

Nthiga aliifunika simu kwa kofia yake. Aliifunika kweli, Wambeti aliona.

Kutoka hapo mazungumzo yalipotea njia. Oscar alisema kampuni haitaki pesa hata kidogo, inataka kujua mtu anaamka saa ngapi, maana anayelipa sabini na tano kila asubuhi ni kama mtu anayepiga ripoti kwa chifu. Risiti alisema hiyo ni ndogo. Alisema simu ni majaribio. Wakiona tumezoea, watatuletea vitu vingine kwa mpango huo huo. Jembe la mdogo mdogo, ukikosa siku moja haliingii udongoni. Viatu, ukiwa katikati ya kanisa vinakataa kupiga hatua.

– Halafu ng'ombe, Risiti alisema. Unaamka saa kumi na moja na kibuyu, unakuta chuchu zimefungwa, na kwa paji la uso kuna maandishi: lipa kwanza.

– Na ukilipa?

– Anatoa maziwa ya sabini na tano.

– Sasa hiyo ni mbaya aje? Oscar aliuliza. Ng'ombe huyo mtu hangekuwa naye kabisa. Wewe unaona kufungwa, mimi naona kupewa. Wahenga walisema, ngoja ngoja huumiza matumbo.

– Hiyo ni ya mtu mwenye njaa.

– Na simu si njaa?

Risiti akajibu kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwamba hawa watu ndio walioinama mpaka wakakuta babu ya mtu huko chini ya kitanda. Hakuna aliyeelewa, lakini Nthiga aliacha kutembea.

– Wacheni, alisema. Mimi Jumapili padre ataniuliza mtoto ni nani. Njoki ananiuliza kila jioni. Nimemwambia liko, liko ndani ya simu, subiri. Mimi naogopa kumpa jina lingine halafu tukifungua tupate tulimpitisha huyo ndugu mara ya pili.

Risiti alivua miwani akaifuta. Kila mtu hapo alikuwa ametoka kulipa karo ya Januari, na hakuna aliyeingiza mkono mfukoni.

Ilikuwa saa tano na nusu hivi mwanamke mmoja aliposimama karibu na thamosi. Alikuwa wa miaka ishirini na kitu, amevaa sweta lililofungwa vifungo vyote ingawa jua lilikuwa kali, na begi mgongoni. Aliomba kahawa. Risiti, ambaye ni mtu wa heshima, akamwambia Nthiga asogee.

– Keti, mami. Lakini ukitaka kuinuka, sema.

Alipoona wanaume watatu wanaitazama kofia, aliuliza kuna nini. Oscar ndiye aliyemweleza, na kwa sababu ni Oscar, alieleza yote: Siakago, mzee, mvua ya siku hiyo, video, kufungwa, ubatizo. Aliongeza kwamba kampuni ilipanga hayo tangu mwanzo ili ipate majina ya watu waliokufa. Yule mwanamke alisikiliza, kikombe magotini. Kisha akamwangalia Nthiga.

– Pole kwa mzee. Mlikuwa wangapi kwa hiyo nyumba?

– Saba, Nthiga alisema. Mimi, baba, Njoki, shangazi zangu wawili, mjomba, na huyu Wambeti.

– Na nyinyi wote saba mlikuwa hapo akisema?

– Wote.

– Sasa alisema nani?

Nthiga alifungua mdomo. Wambeti anasema alimwona akitafuta, macho yakienda juu kama mtu anayekumbuka namba. Halafu akamgeukia yeye.

– Anti Wambeti, wewe ulikuwa karibu na kichwa.

Na Wambeti, aliponisimulia, aliacha kuchambua njahi hapo. Alisema alikuwa ameshika taa. Walimwambia ashike taa upande wa kushoto ili uso wa guka, yaani babu, uonekane vizuri, na alikuwa anaangalia kioo cha simu kuona kama unaonekana. Mjomba wangu alikuwa anasema mvua kwa mabati itaharibu sauti. Njoki alikuwa anasogeza blanketi lisionekane lilipochanika. Wote waliitazama simu, kwa sababu jina lilikuwa linaingia humo na lingekaa humo.

Risiti alitazama pakiti yake ya majani chai. Oscar, ambaye hakuwa hata Siakago, naye aliinamisha kichwa. Mtu mwingine alikuja kuomba kahawa na Wambeti akapindua thamosi ya pili, ikatoa tone moja na mashapo ya tangawizi.

– Imeisha, alisema.

Ndipo yule mwanamke akatangaza kwamba anainuka, kama alivyoagizwa. Akafungua kifungo cha juu cha sweta, na fulana ya kampuni ikaonekana.

– Mimi naitwa Ruguru. Ni mimi nilituma meseji.

Nthiga aliitoa kofia, akamnyooshea simu kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mtoto. Hakumbembeleza. Ruguru hakuipokea. Alitoa karatasi kwenye begi, akaiandika pale pale juu ya goti.

– Nimeandika sikukupata nyumbani, alisema. Na si uongo, hapa si nyumbani. Hiyo inakupa wiki tatu. Zaidi ya hapo watatuma mwingine, na huyo hatakunywa kahawa.

Alilipa kahawa yake akaondoka kwa miguu kuelekea sokoni. Risiti alimwita arudi achukue chenji.

Jumapili mtoto alibatizwa kwa jina la kanisa peke yake. Nthiga alikodisha kwa mfanyabiashara wa Siakago muguka, yale majani ya kutafunwa, wote wa sehemu aliyoachiwa na babu, msimu mzima kabla ya kuchumwa, akalipa elfu kumi na nne, mia sita ishirini na tano tarehe mbili Machi. Simu ilifunguka siku iyo hiyo jioni. Jumla ilimgharimu elfu ishirini na tisa, mia nane sabini na tano. Oscar bado anasema ilikuwa bei nzuri kwa mtu asiye na hati, na Risiti bado ana ile pakiti.

Video ipo. Ni ya dakika nne na sekunde kumi na moja. Nimeisikiliza na waya masikioni, nyumbani kwangu Meru, mara nyingi kuliko ninavyopenda kuandika. Mvua inasikika lakini haifuniki maneno. Dakika ya tatu mzee anainua mkono wa kulia na kusema, polepole, kwa Kimbeere, kwamba huyo mtoto mtamwita... Hapo inaingia sauti nyingine, ya karibu sana, yenye nguvu. Ni ya Nthiga. Anasema: Guka, angalia hapa kwa simu. Mzee anageuza uso, anaangalia moja kwa moja, midomo inasogea kidogo na kunyamaza, jina halisikiki. Taa imeshikwa vizuri. Uso unaonekana wote.

Kwa kuwa watu huuliza, naandika walioko. Mzee Ngari alifariki tarehe kumi na tisa Novemba 2022. Njura, baba yake Nthiga, alimfuata mwaka uliopita. Mbaka yuko hai, na Oscar, na Wambeti, ingawa siku hizi anauza thamosi moja tu. Ruguru aliacha kazi ya kampuni. Niliambiwa yuko hai na ana duka Runyenjes. Nthiga na Njoki wako hai. Mtoto wao yuko hai na ana afya. Wanamwita Kathuri, yaani mzee mdogo, jina la kumshikilia kwa sasa. Ndugu yake Mzee Ngari hayuko hai, na mstari wake kwenye daftari langu la majina ya ukoo bado sijauandika.