Lazarus Gichuki na Lori Lililokosa Pumzi

Wazee wetu, majirani, nanyi wenzake wa jeshini, jamaa wamenituma niwasomee maisha ya ndugu yetu, Koplo Lazarus Gichuki, tunayemzika leo, Jumamosi, tarehe 25 Februari 1967.

Lazarus alizaliwa Othaya tarehe 12 Machi 1934, akasoma hadi darasa la sita, akaacha masomo baba yetu alipofariki, kisha akajifunza ufundi wa magari Karatina. Miaka ya hali ya hatari alifungiwa pamoja na mama katika kijiji kilichozungushiwa handaki, akamzika dada yetu mdogo aliyekufa kwa njaa. Tarehe 6 Septemba 1958 alimwoa Loise, wakajaliwa Muthoni na Ndiritu. Mwaka 1964 aliingia jeshini akiwa fundi, na Agosti mwaka jana akapelekwa Garissa kupigana na waasi wa Kisomali, na alipokuja likizo ya Krismasi alimsimulia mkewe maboma yaliyochomwa moto, na pia ngamia waliomiminiwa risasi kisimani, huku amempa mgongo ili asimwone uso.

Asubuhi ya tarehe 14 Februari malori mawili yalikuwa yakirudi Garissa kutoka Modogashe, la mbele likakanyaga bomu, askari wanne wakararuka vipande, na majeruhi wakapakiwa katika la nyuma, kuukuu, likiendeshwa na Nunow, Msomali wa Garissa aliyeajiriwa na jeshi. Hawakufika mbali, injini ikaanza kukohoa, ikatoa moshi mweusi, ikazimika katikati ya vichaka. Sajini wa msafara, ambaye alikuwa ametoka kuokota mkono wa rafiki yake mchangani, alimburuta Nunow chini, akamvunja meno kwa kitako cha bunduki, akampigisha magoti na kumwekea mtutu kisogoni.

“Umeiziba injini ili wenzako watumalize!”

“Wallahi, sajini, mimi hapana gusa kitu. Hii gari nakosa bumzi.”

Lazarus, aliyekuwa fundi wa msafara huo, aliingia kati. “Ngoja nitazame kwanza, afande. Ukishamuua, kosa likiwa la chuma, utamfufua?”

“Tazama upesi. Isipowaka, anakufa.”

Alifungua chujio la hewa, likamwaga vumbi kama unga, akalitoa kabisa, injini ikawaka na kunguruma taratibu, lakini Nunow, damu ikimchuruzika kidevuni, alipokanyaga mafuta, ilikabwa tena, moshi ukawa ule ule. Hapo akajua chujio si kosa lote. Akaung'oa mpira unaopeleka hewa kwenye injini, mzima kwa nje, akaupasua kwa kisu, na ndani utando ulikuwa umebambuka kwa joto na uzee, ukining'inia kama ulimi, kila injini ilipovuta hewa kwa nguvu ulijifunga kooni. Akamwonyesha sajini, naye akashusha bunduki, na Nunow akawasha injini bila ule mpira.

Papo hapo risasi zikafyatuka vichakani. Lazarus, akiwa bado ameinamia injini, alipigwa tumboni, akapiga kelele, “Nunow, twende, vumbi na liingie, usiizime!” Wakamvuta juu ya majeruhi, na Nunow akaliendesha lile lori, mlango umetobolewa, injini ikivuta hewa isiyochujwa, hadi hospitali ya Garissa, na majeruhi wote wakafika hai.

Lazarus alihamishiwa Nairobi, akafariki Jumatatu tarehe 20, Loise akiwa kando yake, na la mwisho alilouliza ni kama Nunow ameachiliwa, kwa maana dereva huyo alikamatwa mara tu alipozima injini hospitalini, akishukiwa kuiharibu. Hajaachiliwa. Mke wa Nunow, Hawo, ametuma salamu za pole, na anazungushwa lango hadi lango akiuliza mumewe amewekwa wapi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliochimba kaburi hili, na askari mliomleta nyumbani. Nawe sajini, uliyebeba jeneza bega kwa bega nasi, umesimama pale, tunakushukuru pia, na Loise anakuomba mbele ya watu hawa, kabla hatujatupa udongo, uende kwa waliomfunga Nunow ukaseme ulichoonyeshwa ndani ya ule mpira.

Lazarus, ndugu yetu, pumzika kwa amani ambayo sisi bado tunaitafuta.