Sanduku la Kwaresima la Athanase Lobho (1967–2025)

Mimi ni Solange, dada mdogo wa marehemu. Familia ilitaka Gracieuse, bintiye, ndiye asome wasifu huu, maana yeye ana sauti ya upole, na hasira yangu mimi inajulikana mtaa mzima wa Mbunya. Lakini marehemu alinitaja mimi, na neno la marehemu halirudishwi. Alisema pia nisimfichie makosa yake. Basi mnivumilie.

Athanase Lobho alizaliwa tarehe 2 Mei 1967 katika kijiji cha Lodzi, eneo la Djugu, mtoto wa pili wa Mzee Lobho na Mama Madeleine, akimfuata kaka yetu Étienne. Siku hiyo ni sikukuu ya Mtakatifu Athanasi, kwa hiyo padri hakuwauliza wazazi jina, aliandika tu. Amekufa zikibaki siku kumi na sita atimize miaka hamsini na minane.

Alisoma shule ya msingi ya misioni kuanzia 1974 hadi 1980, kisha sekondari mpaka mwaka wa nne. Hapo baba alivunjika mgongo na shamba likamwita. Mwaka 1989 alipelekwa kusomea ukatekista, akarudi baada ya miaka miwili na Biblia moja, koti moja, na ukali mwingi. Waliofundishwa naye mko hapa. Mnajua kwamba mtoto asiyejua sala ya Nasadiki hakupakuliwa maharage.

Tarehe 12 Agosti 1995 alifunga ndoa takatifu na Gertrude. Mungu akawapa watoto watatu. Gertrude anasema katika miaka yote hiyo hakumpiga hata siku moja. Alipokasirika alitoka kwenda kupasua kuni, na wao hawakukosa kuni.

Sasa nafika mahali ambapo wengi mngependa niruke.

Ijumaa tarehe 28 Machi 2003, katikati ya Kwaresima, watu wenye silaha waliingia Lodzi asubuhi. Étienne walimkata shingo mlangoni kwake. Mama Madeleine walimfungia jikoni wakawasha moto, na sisi tuliokuwa tumejificha, tumelala kwenye mihogo, tulimsikia mpaka akanyamaza. Jioni wanaume walichukua mapanga kwenda kulipiza. Athanase, katekista wao, aliwazuia. Aliwaambia ni Kwaresima, Mkristo hamwagi damu Kwaresima. Wakamtii. Tukafunga nyama, pombe na kisasi, vyote pamoja. Pasaka iliangukia tarehe 20 Aprili, kama mwaka huu. Tuliimba aleluya, tukala mbuzi. Jumatatu yake kaka yangu aliondoka nao.

Alimkuta mwanamume katika shamba la maharage, amebeba mtoto mgongoni. Yule mtu hakukimbia. Alisema, “Ngoja kwanza nishushe mutoto.” Athanase alingoja. Mtu alimkalisha mtoto juu ya majani, akasimama wima, na kaka yangu akamkata mara tatu. Mtoto hakulia, alikuwa anamtazama tu. Athanase alimwacha palepale akakimbia, na kwa miaka ishirini na miwili alimtafuta hakumpata. Hakuna aliyemshitaki. Alijishitaki mwenyewe kwa padri, akaondolewa ukatekista miaka minne, na hakula tena maharage mpaka kufa kwake. Ninyi mliosema ana maringo ya chakula, sasa mnajua.

Mwaka 2018 kijiji kilichomwa tena, tukakimbilia Bunia na nguo tulizovaa. Hapa Mbunya, katika kapela ya mabati, alianzisha lile sanduku la chuma. Kila Jumatano ya Majivu, baada ya kupakwa majivu, kila Mkristo alileta kitu kilichomfunga, akakitia ndani, Athanase akapiga kufuli. Asubuhi ya Pasaka alifungua, na kila anayetaka chake alimwuliza kwa uso mkavu kama kweli anakihitaji. Wengi waliona haya wakaviacha. Muzee Eugène, jirani yetu, alitia tumbaku yake kila mwaka, na kila mwaka kuanzia wiki ya tatu alikuja kapela kusali akiwa amepiga magoti karibu kabisa na sanduku. Athanase alimwuliza anasali au ananusa. Muzee alijibu kwamba anafanya yote mawili, na Mungu anaelewa.

Ijumaa tarehe 4 Aprili mwaka huu marehemu aliongoza Njia ya Msalaba kwenye barabara ya mashamba, nje ya mji. Tulimkataza, hakusikia. Walipofika kituo cha saba, watu sita walitoka kwenye majani. Orly, kijana wa kwaya aliyeshika msalaba, walimkata kichwani akafa amesimama, msalaba ndio ulimzuia asianguke. Athanase aliinua mkono kuwakinga akina mama waliokuwa nyuma yake. Mkono ule waliukata juu ya kiwiko, kisha wakamkata bega na taya. Akina mama walipona. Nilimpandisha mimi kwenye moto, pikipiki ya kukodi, nikamshika katikati yangu na dereva mpaka lopitali, na damu yake ilijaza kiatu changu. Ninasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Siku ya pili mwanawe Fiacre alikuja lopitali na wenzake sita, mapanga ndani ya magunia. Walijua kule wauaji walikopita. Athanase alisema kwa shida, taya imefungwa bandeji: “Hizo zote mutie mu sanduku. Iko Kwaresima.” Walitazamana. Wamelelewa na sanduku lile, hakuna aliyethubutu kukataa. Walikwenda wakayatia, na ufunguo wakanipa mimi. Fiacre aliniambia mlangoni, “Sawa, shangazi. Pasaka iko karibu.”

Jeraha la mkono liliingia uozo. Jumanne ya Wiki Kuu aliniita, nikainama mpaka mdomoni kwake. Alisema: “Solange, mwaka ule nilifunga vibaya. Nilifunga nikingojea Pasaka ifike.” Nilidhani ataniambia nifanye nini. Hakuniambia. Jumatano tarehe 16 Aprili 2025, saa kumi alasiri, alikata roho mkono wake mmoja ukiwa ndani ya mkono wa Gertrude.

Marehemu ameacha mjane, Gertrude, watoto watatu, Fiacre, Gracieuse na Rébecca, wajukuu wawili, dada mmoja, mimi, na mtoto mmoja wa shamba la maharage, ambaye leo ni mtu mzima kama yu hai, na ambaye hatumjui jina.

Karatasi mliyopewa inaishia hapo. Haya mengine nayasema kwa mdomo.

Leo ni Jumamosi Kuu. Hakuna misa, padri atabariki kaburi tu. Kesho ni Pasaka, na vijana saba waliosimama pale wanangoja ufunguo. Siwalaumu. Mimi nawashinda kwa hasira. Mmoja alihesabu walipoyatia akasema mapanga ndani ya sanduku ni manane, si saba, wakadhani amekosea. Hakukosea. La nane ni langu, nililichanganya na yao. Nalo nililinoa vizuri, na tangu Jumamosi ile ya lopitali nimekuwa nikihesabu siku, nikisali rozari huku nahesabu. Nimefunga vibaya, kama alivyofunga kaka yangu. Kesho ningekula mbuzi na kesho kutwa ningekwenda, na huko mbele ya panga langu angekuwako mtu wa kuniambia ningoje ashushe mtoto. Ningengoja. Najijua. Halafu ningemkata.

Mmenong’ona tangu asubuhi kwa nini kaburi hili limechimbwa kwenda chini namna hii. Mimi na Muzee Eugène tulikuja mapema na wachimbaji, tukashusha sanduku chini kabisa, pamoja na kufuli yake, tukaweka udongo kidogo juu. Muzee amepoteza tumbaku yake na amelia kwa ajili hiyo, tumpe pole. Ufunguo sina tena, nimeutia mfukoni mwa shati la marehemu. Kufuli inavunjwa kwa jiwe, hilo najua. Lakini jeneza litakaa juu ya sanduku. Atakayetaka panga lake, na mimi nikiwamo, lazima kwanza amwinue Athanase.

Wabebaji wa jeneza ni ninyi saba, ndivyo mlivyoomba wenyewe. Mkitaka kulitoa sanduku, litoeni sasa, mbele ya mama yenu, kabla hamjashusha. Sitamzuia mtu.

Fiacre, mwanangu, naona umeshika kamba ya kichwani. Asante. Mumushushe polepole, bega lake lile bado bichi.

Umefunga vizuri safari hii, kaka. Lala kwa amani, na uyalalie.