Bwana Stroud Atimiza Miaka Ishirini na Mmoja ya Kufa

Jumamosi hii, tarehe 27 Juni 1931, Bwana Lemuel Stroud anastaafu baada ya kuitumikia Studio ya Larkmount, hapa Hollywood, kwa miaka ishirini na mmoja. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo kazi yake ilikuwa kufa.

Alikuja kutoka Nebraska akiwa seremala. Siku aliyoripoti, mwigizaji aliyetakiwa kupigwa risasi aliumwa jino, na Bwana Stroud alikuwa na kimo kilekile na meno mazima. Alianguka vizuri. Tangu hapo ameanguka kutoka kwenye farasi, paa, treni na ngazi za kanisa. Daima huishika kofia yake isimfunike uso, kwa sababu mwigizaji msaidizi akifunikwa uso, hakuna atakayejua ni nani aliyekufa.

Mafundi wa taa humwita Marehemu. "Marehemu, umeshakunywa kahawa?" humuuliza kila asubuhi. Naye hujibu kwamba bado, na sukari iongezwe.

Katika filamu moja ya wachunga ng'ombe waigizaji walipungua. Baada ya kuuawa, alibandikwa ndevu akarudi kama daktari, akainama juu ya gunia lililofunikwa blanketi badala ya maiti yake, akathibitisha kwamba amekufa. Siku iliyofuata, akiwa kasisi, alilizika. Filamu ilipendwa sana, na hakuna mtazamaji aliyelalamika.

Filamu zilipoanza kutoa sauti, waigizaji wengi walikosa usingizi. Bwana Stroud alitakiwa kutoa mlio mmoja tu.

"Mzee, huyo si mtu anayekufa," fundi wa sauti alimwambia. "Huo ni mlango."

"Nimekufa kimya miaka yote hii, kijana. Nipe wiki moja."

Alipewa mchana mmoja, ukatosha.

Mtu pekee asiyeifurahia kazi hiyo ni mkewe, Bi. Bernadine. Kila anapohisi mumewe anakaribia kuuawa, hunyanyuka na kutoka ukumbini. Alikuwa hajawahi kuona mwisho wa filamu hata moja ya mumewe. Ndiyo maana, ilipofika filamu ya mwisho, ambamo Bwana Stroud ni mpishi wa wachunga ng'ombe, alimwendea mwongozaji, Bwana Kessinger.

"Safari hii niache nipone, bwana. Nataka mke wangu akae mpaka mwisho."

"Kwani akitoka huwa anakwenda wapi?"

"Anasimama nje na muuza bisi."

Bwana Kessinger alifikiri. "Haya. Risasi ya bega, basi. Ukifa kwa bahati mbaya, usinilaumu."

Kama ilivyo desturi, filamu ilionyeshwa kwanza kwa majaribio, kule Glendale. Bi. Bernadine alikaa, mkoba mapajani. Nyuma yake walikuwa akina mama wawili.

"Mtazame yule mpishi, anakufa sasa hivi."

"Bado, shoga. Ngoja apite dirishani."

Alipita dirishani akiwa na birika. Wapenzi wakabusiana mbele yake na hakuna aliyewaona, maana ukumbi mzima ulikuwa unamkodolea macho mpishi. Taa zilipowashwa, mwanamume mmoja alisimama akapiga kelele, "Mbona hajafa? Turudishieni kiingilio!" Bi. Bernadine ndiye peke yake aliyepiga makofi.

Jumatatu Bwana Kessinger alimjia Bwana Stroud, kofia mkononi.

"Nisamehe, Marehemu. Wakubwa wanataka maiti."

"Saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi."

"Nitakuwepo. Lakini mke wangu lazima nimwambie."

Alimwambia, na Bi. Bernadine akasema kwamba, kama ni lazima, atakuja naye. Alikuwa hajawahi kukanyaga studio. Maseremala walimpa sanduku la misumari akalie, wakamweleza kuwa kipaza sauti kinasikia hata kikohozi.

Risasi ililia. Bwana Stroud aliachia birika, akashika kofia, akaenda chini polepole kama mtu anayetafuta kifungo. Akatulia. Kamera iliendelea kupiga picha.

"Lemuel," Bi. Bernadine akasema, "amka. Sakafu ina baridi."

Marehemu akaamka. Akajikung'uta magoti, akamtazama mkewe, na watu wote wakamwona Bi. Bernadine akimkagua bega, mbavu na kichwa, kama anayemhesabu mtoto vidole. Picha ilikuwa imeharibika. Bwana Kessinger hakufoka. Aliagiza kahawa.

"Miaka yote nakuambia huwa naamka," Bwana Stroud alisema.

"Kuambiwa si kuona," mkewe akamjibu. "Haya, nenda kafe tena, tuwahi chakula."

Mara ya pili Bi. Bernadine alikaa kimya mpaka mwongozaji aliposema inatosha.

Filamu itaanza kuonyeshwa Jumamosi, siku ya kustaafu kwa Bwana Stroud. Bi. Bernadine ameomba viti viwili mbali na mlango.

Bwana Stroud, waigizaji, mafundi na sisi wanafunzi wa shule ya studio tunakushukuru kwa kila mara ulipoanguka ili hadithi isonge mbele. Tunakutakia miaka mingi ya kuamka asubuhi, mkeo akishuhudia.

Winifred Amesbury, darasa la saba, Shule ya Waigizaji Watoto